Zakat inaweza saidia mtu si Mwislamu?

mkaaji_huruma: Sasa wadau. Niko na jirani hapa kwa ploti, ni mama fua, aliteleza kwa ngazi akavunjika mkono na hiyo kazi bila mkono utafua na nini. Keateka ashapiga kufuli kwa mlango juu ya renti, saa hii analala kwa dadake. Kanisani aliambiwa aandike barua ipitie jumuiya ndio ifike kwa komiti, na komiti hukaa mwisho wa mwezi (tumbo nalo halijui mwisho wa mwezi). Jamaa wa duka hapo chini ni Mwislamu na nimesikia wao hutoa zakat. Huyu mama ni Mkristo, nimwongeleshe ama nitajiaibisha?

abu_eastleigh: Hakuna aibu hapo. Zakat ni ya lazima na ina hesabu yake, mali ikifika thamani ya kama gramu 85 za dhahabu na ikae mwaka, unatoa 2.5%, na wa kupewa wametajwa kwa Qur'an, Sura ya Tawba aya ya 60, mafungu 8, yanaanza na mafukara na maskini. Maulamaa wengi wanasema hiyo ni ya Waislamu. Lakini sadaka, ile ya hiari, haiulizi mtu dini! Mwambie huyo jamaa shida ilivyo, usitaje zakat. Hata mimi mamangu siwezi mpa zakat, kumlisha ni wajibu wangu tayari.

dere_wa_usiku: Masingasinga ndio wamenishinda. Pale Makindu, barabara ya Mombasa, unaingia gurdwara, hekalu lao, unavua viatu unafunika kichwa unaketi chini unakula bure, tajiri na turnboi mstari mmoja, hakuna barua wala nani amekutuma. Wanaita langar. Lakini ni kweli chapati hailipi renti.

mama_wa_chama: Msilaumu kanisa haraka. Barua ni ya pesa ya parokia, lakini wale kina mama wa jumuiya ukiwaambia leo jioni wako mlangoni na unga. Kuna mtu amewaambia ama huyo mama anaona haya? Na kama ako kwa chama, aombe apewe mzunguko wa mapema, kwetu tulifanya hivo na wa zamu yake akakubali kungoja, akanuna kidogo lakini akakubali.

mkaaji_huruma: Kumbe hakuwa amewaambia, aliona haya. Wamekuja na unga, mafuta na sukuma, na jamaa wa duka ametoa elfu moja hata sikumaliza kueleza. Kufuli bado iko. Keateka anasema landilodi ako ushago na hashiki simu.