Kampuni ya vitabu au NGO?

Zabibu_Dom: Wakuu habari za leo, niko hapa Area C Dodoma, nina miswada mitatu ya hadithi za watoto na kimtaji kidogo cha kuchapa, sasa nimekwama, nisajili kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara) au nifungue NGO, asasi isiyo ya kiserikali? Maana wazazi wengi mtaani kwetu kitabu cha hadithi hawanunui ila watoto wanavitaka kweli, vitu viwili hivi vinaweza kwenda pamoja?

mwanamaktaba: Vinaenda mkuu, mwangalie mzee Walter Bgoya. Aliongoza Tanzania Publishing House, shirika la umma lile, tangu 1972, akaja kuanzisha Mkuki na Nyota yake 1991, hiyo ni biashara kabisa. Na huku yumo kwenye African Books Collective, chombo cha wachapishaji wa Afrika wenyewe cha kuuza vitabu vyao nje, hakigawi faida. Nampenda sana kwa hilo, kote huko kazi ni ileile vitabu.

Kikuyu_kaskazini: Mi nimepitia njia ya NGO dada, hela ya mfadhili ilikata katikati, vitabu vikabaki kwa mpiga chapa miezi kibao niliumia sana. Anza na kampuni, ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, unapata Bodi ya Huduma za Maktaba, NGO baadaye, msajili wake yuko hapahapa Dodoma. Ila akaunti za benki za kampuni na NGO usichanganye kabisa!!

Zabibu_Dom: Asanteni sana, kesho naanza na jina BRELA