Re: Niuze K1000 ninunue nini kabla ya Desemba?

Hamjambo wa nyumbani. Desemba nashuka Dunga, Kisumu, kumpiga picha nyanya yangu na wavuvi wa pale ufukweni, nyeusi na nyeupe tupu. Nina kamera ya filamu ya mtumba, Pentax K1000. Mwenye duka hapa Leicester ananisukuma niiuze, niongezee, nichukue Nikon FM2. Kuna aliyewahi kuzishika zote mbili?
Binti wa Dunga

Dada, shika pesa yako kwanza. K1000 imetengenezwa tangu 1976 hadi 1997 na betri yake ni ya mita ya kupimia mwanga tu. Ikikufia katikati ya ziwa, shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, bado inalia. FM2 nayo ni vivyo hivyo, kwa hiyo hapo hujanunua kitu. Tofauti iko kwenye kasi: yako inakomea 1/1000 ya sekunde, FM2 inafika 1/4000. Kwa mawingu ya Leicester hutaiona tofauti hiyo, lakini jua la Dunga saa sita unalijua. Filamu ya ISO 400 (ISO ikipanda, filamu inahitaji mwanga kidogo) kama HP5 itakudai f/16, yaani tundu dogo la lenzi, kwa 1/500 hivi. Ukitaka kufungua lenzi hadi f/5.6 ili mashua nyuma ya nyanya zififie, unahitaji karibu 1/4000. Hapo mwenye duka hajakudanganya.

Mimi niliponea kwenye filta ya rangi ya chungwa. Inakula stopu mbili, yaani inabakiza robo ya mwanga, K1000 ikatosha kwa 1/1000 yake, na mawingu juu ya ziwa yakasimama vizuri ajabu. Pesa iliyobaki nikampa fundi abadilishe sponji zinazoziba mwanga kwenye mlango wa nyuma wa kamera, maana zilikuwa zimeoza na kila picha ilikuwa na mchirizi mweupe.

Filamu zibebe mkononi, zisiingie kwenye sanduku la mizigo. Ukikuta zile mashine mpya za CT za kukagulia mizigo uwanja wa ndege, omba wakague kwa mkono, mionzi yake huharibu filamu. Na kuosha filamu, subiri urudi. Mimi nilijifanya mjuaji nikaoshea Kondele. Maji ya bomba yalikuwa nyuzi 26, dawa ikakimbia, negativu zikatoka nyeusi tii. Roli ya pili nilinunua barafu ya wauza samaki nikaizungusha kwenye beseni mpaka maji yakashuka 20. Nyumba ilinuka omena siku mbili.
Jirani yako wa zamani, Kondele

Kaka wa Kondele, filta ya chungwa kwa mawingu sawa, kwa nyuso zetu hapana! Inang'arisha ngozi. Nilimpiga baba mdogo kule Nakuru nayo, mama akauliza tangu lini ameanza kujichubua. Dada, nunua filamu ya FP4 ya ISO 125 tu. Jua lile lile, f/5.6 kwa 1/1000, kamera yako inaweza bila filta yoyote. Na usiiamini mita nyanya akivaa kitambaa cheupe, itamfanya awe kivuli. Sogea, pimia shavu lake, kisha punguza stopu moja.
Wa Nakuru, sasa Birmingham

Asanteni sana. FM2 imebaki dirishani, roli sita za FP4 nimeagiza. Kaka, huyo fundi wa sponji yuko mji gani? Nimefungua mlango wa nyuma sasa hivi, vidole vimetoka na lami.
Binti wa Dunga