Tawasifu ya Benjamin Franklin au wasifu wa Isaacson: nichukue kipi?

Msomaji_wa_Daladala: Wakuu, heshima kwenu. Kuna vitabu viwili nimewekewa dukani hadi Ijumaa, nichukue kimoja. Cha kwanza ni tawasifu ya Benjamin Franklin, yule wa noti ya dola 100. Cha pili ni wasifu wake ulioandikwa na Walter Isaacson, wa 2003, kinene kama tofali. Mliosoma, kipi kinalipa?

Mzee_wa_Chapa: Mkuu, tukushauri nini hapo? Bei hujataja, hujasema ni cha kusomea au cha kujiburudisha, na hiyo tawasifu ni toleo la nani?

Binti_Pangani: Chukua tawasifu, usisikilize mtu. Soma pale anapoingia Philadelphia 1723, ana miaka 17, amemtoroka kaka yake James kule Boston. Ananunua mikate mitatu mikubwa, miwili anaibana kwapani, wa tatu anautafuna huku anatembea. Kuna msichana kasimama mlangoni, anamtazama na kumwona kituko. Huyo ndiye Deborah, aliyekuja kuwa mkewe. Nani mwingine atakusimulia hivyo?

Mzee_wa_Chapa: Anasimulia vizuri, sikatai. Ila mwambie na upungufu wake, dada. Aliianza 1771 akiwa Uingereza, kama barua kwa mwanawe William, akaiweka kando. Akaishika tena 1784 akiwa Passy, karibu na Paris, kisha 1788 akiwa kwao Philadelphia. Akafariki Aprili 1790 hajamaliza. Masimulizi yanafika safari yake ya London ya 1757 na kusogea mbele kidogo tu. Azimio la Uhuru wa Marekani, mkataba wa amani na Uingereza wa 1783, Katiba ya 1787, vyote humo hamna. Hata ugomvi wake na huyo William, aliyebaki upande wa Mfalme wa Uingereza, hutaukuta. Chukua Isaacson.

Kipepeo_Mweusi: Na muwe macho na matoleo jamani. Mimi niliagiza hiyo tawasifu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, picha ya jalada inavutia kweli. Kufungua, ni kitabu cha zamani kilichopigwa skani halafu mashine ikajisomea yenyewe. Kila s imegeuka f. Nasoma ukurasa mzima ulimi unagongana na meno. Nikasema potelea mbali, nitavumilia, maana shida yangu ilikuwa lile jedwali la maadili 13 alilojipimia tabia yake, watu wanalolisifia. Nimepekua mwanzo hadi mwisho, jedwali hakuna! Kumwambia muuzaji, ananijibu kitabu kikishafunguliwa hakirudishwi. Sasa ningejuaje ubovu bila kukifungua? Nikamtumia picha, akaziona, kimya hadi leo.

Mzee_wa_Chapa: Pole. Hizo s ni dalili ya toleo la miaka ya 1790, enzi hizo s ilichapwa kwa umbo refu linalofanana na f. Tawasifu ilitoka kwanza Paris 1791, kwa Kifaransa, tena sehemu ya kwanza peke yake. Matoleo ya London ya 1793 yalitafsiriwa kutoka hicho Kifaransa. Jedwali liko sehemu ya pili, usingelipata hata ungekesha.

Binti_Pangani: Na jedwali lenyewe ni tamu. Kila kosa alilitia alama nyeusi, akawa anafuta na kuandika upya mpaka kijitabu kikatoboka. Akahamia vijikurasa vya pembe za ndovu: mistari kwa wino mwekundu, makosa kwa penseli, anafuta kwa sponji lenye maji.

Ukweli_Mchungu: Maadili 13, na nyumbani ana watumwa? Gazeti lake, Pennsylvania Gazette, lilichapa matangazo ya kuuza watu. Hilo mnaliruka.

Binti_Pangani: Hatujaruka. 1787 alikuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa, na Februari 1790 akatia saini ombi la kupinga utumwa kwa Kongresi, bunge la Marekani. Mwezi uliofuata mbunge James Jackson wa Georgia akautetea utumwa. Franklin, tayari mgonjwa, akamjibu gazetini kwa kumbuni kiongozi wa Algiers ya Afrika Kaskazini, Sidi Mehemet Ibrahim, anayetetea kuwatumikisha Wakristo kwa hoja zilezile za Jackson. Kejeli tupu.

Ukweli_Mchungu: Baada ya kula jasho lao miaka mingapi? Uzeeni kila mtu mcha Mungu.

Kipepeo_Mweusi: Hiyo barua ya Algiers iko kwenye kipi kati ya hivyo viwili?

Mzee_wa_Chapa: Kwenye tawasifu haimo. Maandishi yake yako bure kwenye tovuti ya Founders Online. Na tawasifu iko bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, toleo la 1916. Ya nini kutoa hela?

Msomaji_wa_Daladala: Asanteni wakuu. Ni zawadi ya mdogo wangu wa kidato cha nne, anapenda mambo ya umeme. Vitabu vinene havigusi, na simu hana.

Mzee_wa_Chapa: Ungesema tangu mwanzo! Basi ulizia kitabu cha Edmund Morgan juu ya Franklin, cha 2002. Chembamba kuliko Isaacson.

Binti_Pangani: Mpe tawasifu, asome habari za jaribio lake la kurusha kishada kwenye radi.

Mzee_wa_Chapa: Kishada? Humo amekitaja kwa nusu sentensi, anasema hataki kurefusha hadithi.

Ukweli_Mchungu: Mtafutie dogo kitabu cha Faraday, yule mwanasayansi wa umeme, muachane na wanasiasa.

Kipepeo_Mweusi: Mkuu, duka lenyewe liko wapi? Wanaruhusu kufungua kabla ya kulipa?