Skafoldi, mkasi au manlifti ya mkono: ipi kwa godauni la mita 9?

Bati_Jipya:
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kabla sijalipia mashine. Kazi ni ya godauni, Dar. Ndani kuna taa 24 za kubadilisha, zinaning'inia mita 9 kutoka sakafuni. Sakafu ni zege, njia kati ya rafu ina upana wa mita 1.8. Nje ni kubadilisha mifereji ya maji ya mvua, nayo iko mita 9. Tatizo la nje: ukutani pameegemezwa banda la jenereta lenye upana wa mita 3, na mbele ya banda kuna mtaro wa bomba uliofukiwa mwaka huu. Upande wa barabarani inapita laini ya umeme ya 33 kV. Mafundi ni wawili. Nachagua kati ya skafoldi, mkasi wa umeme (jukwaa linalopandishwa wima na vyuma vya mkasi), manlifti (mashine ya kuinua mafundi kwenye kikapu) ya mkono wa kukunja (futi 45) na ya mkono mnyoofu (futi 60). Bei ninazo, nataka kujua usalama.

Fundi_Mkasi:
Ndani chukua mkasi wa umeme wa futi 26. Jukwaa linafika karibu mita 8, kwa hiyo mikono inafika mita 10. Upana wake ni sm 81 tu, unapita kwenye njia yako bila kugusa rafu. Uzito karibu tani 2.

Angalia mzigo. Nyingi za saizi hiyo zinabeba kilo 227 kwa jumla, lakini ile sehemu ya jukwaa inayosukumwa mbele mara nyingi inabeba kilo 113 tu. Fundi mmoja, mkoba wake na boksi la taa vinatosha kuzimaliza. Wengi husoma namba kubwa kwenye kibao na kuiacha ndogo iliyo chini yake.

Kabla ya kupanda, zungukia mifuniko ya mashimo ya nyaya sakafuni. Mkasi ukianza kupanda, vyuma viwili vya pembeni hushuka hadi karibu na ardhi ili tairi likizama usipinduke. Vikikwama kwa uchafu, mashine hukataa kupanda au kutembea. Safisha, usiifunge ile swichi kwa waya. Na hakikisha una mkasi unaoruhusiwa kazi unayoifanya: mingi ya umeme midogo imeandikwa upepo 0 m/s, maana yake ni ya ndani tu. Usiutoe nje kumalizia mfereji hata kama ni dakika kumi.

Nondo_na_Kiungio:
Skafoldi isidharauliwe. Kwa mifereji mirefu inayofuatana ni nzuri, mafundi wanasimama imara na vifaa viko karibu. Ila ifungwe ukutani, na hapa banda liko njiani: itabidi uivushe juu ya paa la banda kwa mihimili, na hiyo ni kazi ya mtu anayejua kuichora na kuikagua. Kwa taa 24 ndani, mnara wa magurudumu utakuchosha, maana kila taa mtu ashuke kwanza ndipo usukumwe. Kuusukuma mtu akiwa juu ndiko kunakoua.

Mwashi_Changamwe:
Nje, kati ya hizo mbili za mkono, ningechukua ya kukunja. Sababu ni banda. Mkono mnyoofu ukisimama karibu utagonga banda, kwa hiyo utairudisha mashine nyuma na kuunyoosha kwa mlalo (umbali wa kufika pembeni) mrefu. Wa kukunja unapanda wima kwanza, halafu unavuka juu ya banda. Futi 45 inafikisha kikapu mita 13 na kitu, na mlalo wa kama mita 7. Inatosha na zaidi. Ile ya futi 60 ina uzito wa karibu tani 10, na mkia wake (sehemu ya nyuma yenye uzito) ukigeuka unatoka nje ya matairi. Mtu akipita kati ya mkia na ukuta anabanwa.

Lakini ndugu yangu, huo mtaro uliofukiwa unanitisha kuliko urefu. Ya kukunja ina tani 6 hadi 7, na usidhani kila tairi linabeba robo. Mkono ukielekea kona moja, tairi la kona hiyo linaweza kubeba karibu nusu ya mashine, yaani zaidi ya tani 3. Kwenye udongo uliofukiwa bila kushindiliwa tairi linazama sm 5, na sm 5 chini huzidishwa mara kadhaa juu kwenye kikapu. Kikapu kinarushwa kama manati. Mtu asiyefungwa anatoka.

Kwa hiyo simama nje ya mtaro kabisa kama mlalo unatosha, na hapa huenda utatosha. Pima: upana wa banda mita 3, ongeza mtaro, ongeza mita 1 kila upande. Kama ni lazima kuuvuka, vuka mkono ukiwa umekunjwa chini, juu ya mabamba ya chuma yanayofika ardhi ngumu pande zote mbili.

Dada_Haidroliki:
Naongezea upepo, maana mnashika mabati. Kikomo cha mashine nyingi za nje ni 12.5 m/s, yaani km 45 kwa saa, matawi makubwa yakitikisika. Kikomo hicho kinahesabu watu na kikapu, si bati mkononi. Bati la mita 3 kwa sm 90 kwenye upepo wa 10 m/s linasukumwa na nguvu ya takriban nyutoni 190. Kikapu cha watu wawili kwa kawaida kimepimwa kwa msukumo wa nyutoni 400, wa mmoja 200. Umeona bati moja linavyokula? Kusi ikivuma jioni pale pwani, fanyeni vipande vifupi, au asubuhi.

Fundi_Mkasi:
Kuhusu mkanda wa usalama: kwenye manlifti ya mkono wa kukunja ni lazima, wa mwili mzima, kamba FUPI inayorekebishika, ifungwe kwenye pete ya kikapu. Kazi yake ni kukubakiza ndani. Kamba ya mita 1.8 yenye kifyonza mshtuko inakuacha utoke kwanza, halafu ardhi iko karibu. Usifunge kwenye kenchi wala bomba la jengo. Mashine ikisogea wewe unabaki.

Nondo_na_Kiungio:
Kwenye mkasi je? Wengine wanasema lazima.

Dada_Haidroliki:
Vizuizi vya pembeni ndiyo kinga ya kwanza kwenye mkasi, mlango ufungwe, miguu ibaki sakafuni. Mkanda ni pale tathmini ya hatari au mtengenezaji anaposema, na kwenye pete iliyowekwa kwa ajili hiyo. Kosa la kwenye mkasi ni kusimama juu ya bomba la kati la kizuizi ili kufikia taa. Ukihisi hitaji hilo, mashine ni fupi.

Kubwa kuliko hilo ni kubanwa na kenchi. Fundi anatazama taa, kifua kinaegemea jostiki, mashine inaendelea kupanda. Karibu na kenchi weka swichi ya mwendo kwenye alama ya kobe (polepole), si sungura (haraka), na uachie jostiki au pedali kabla ya kugeuka.

Mwashi_Changamwe:
Na ile 33 kV: mashine hizi hazina kinga ya umeme. Kanuni ya Marekani ni mita 3.05 hadi kV 50, nami ningekaa mbali zaidi, kwa sababu kikapu kinayumba. Upande wa barabarani omba TANESCO wazime laini, na upate kwa maandishi. Ikigusa, walio chini wasiishike mashine.

Bati_Jipya:
Asanteni sana. Nimeamua: mkasi futi 26 ndani, ya kukunja futi 45 nje. Mwenye mashine anasema nikipanda niondoke na ufunguo wa chini, usiibiwe. Ni sawa?

Dada_Haidroliki:
Hapana. Ufunguo ubaki kwenye paneli ya chini na pawe na mtu chini aliyejaribu kushusha siku hiyo hiyo. Kwenye mashine nyingi, bila ufunguo huwezi kuchukua udhibiti fundi akizimia juu. Kila asubuhi jaribuni paneli ya chini kwanza, kisha ya kikapu, kitufe chekundu, halafu pampu ya dharura injini ikiwa imezimwa. Na mtu wa chini ajue mpangilio: vuta mkono ndani kwanza, ndipo ushushe. Mkono ulionyooka juu ukishushwa bila kuvutwa, kikapu kinaenda mbali na mashine.