Mrejesho: nimechukua TV ya inchi 43

Wakuu, niliwauliza kama kwa bajeti yangu finyu nichukue TV ya inchi 55 ya bei chee au 43 iliyo bora zaidi. Nimechukua 43, ya 4K (picha yake ina nukta nyingi, kali kuliko Full HD). Nakaa kama mita mbili kutoka kwenye kioo, inatosha kabisa. Aliyesema nikague aina ya paneli (kioo chenyewe kinachotoa picha), asante sana: hii ni ya aina iitwayo VA, taa zikizimwa weusi wake ni weusi kweli, ila ukitazama kwa pembeni rangi zinapauka. Wa pembeni watavumilia! HDR (ile ya kuonyesha vizuri zaidi sehemu angavu na za giza kwenye picha) imeandikwa kwenye boksi tu. Mwanga wa kioo ni mdogo, sioni tofauti. Sauti nyembamba mno, mfuko ukiruhusu nitaongeza spika kupitia HDMI ARC (tundu la HDMI linalopeleka sauti ya TV kwenye spika).