Majina makubwa ya biashara: yapi yatakufa, yapi yatabaki, na mnajuaje?

Mchungulia_Soko

Wakuu habari zenu. Naomba tujadili hili kwa utulivu maana kila nikilianzisha sehemu linaishia kwenye ushabiki.

Magazeti ya biashara hayachoki kutoa orodha za majina makubwa ambayo eti yanakwenda kupotea, halafu muda unapita unakuta mengi ya yale bado yapo yanadunda, na lile ambalo watu hawakuliwaza kabisa ndo limeanguka. Chukua Thomas Cook, kampuni ya utalii yenye miaka 178, watalii wako hotelini wanaota jua, Septemba 2019 wanaamka asubuhi kampuni haipo, serikali ya Uingereza ikabidi itafute ndege za kurudisha watu zaidi ya laki moja na nusu makwao. Haya, geuka upande wa pili, Apple mwaka 1997 ilikuwa inapumulia mashine, Michael Dell, mwenye kampuni ya kompyuta ya Dell, akaulizwa angefanya nini kama angekuwa yeye ndo bosi pale, akajibu angeifunga awarudishie wenye hisa pesa zao. Na huyo siyo mpiga soga wa kijiweni, ni mtu aliyeijua biashara ya kompyuta nje ndani.

Sasa swali langu, hivi kuna kitu mtu wa kawaida asiye na shahada ya uhasibu anaweza kukiangalia akasema hili linakwenda na hili linabaki? Mi kigezo changu siku zote kilikuwa bidhaa nzuri na watu wanaipenda, basi, itadumu. Ila mifano inanikatalia. Leteni hoja.

Daftari_Jekundu

Mkuu hapo kwenye kupendwa ndo unapopotea. Upendo haulipi riba.

Angalia Toys R Us, yale maduka ya midoli ya Marekani. Watoto waliipenda, wazazi waliijua, na mauzo yake mpaka karibu na mwisho yalikuwa zaidi ya dola bilioni 11 kwa mwaka. Kilichoiua watu wanasema Amazon, na ndiyo Amazon aliisumbua, lakini rudi nyuma mwaka 2005, wakaja wawekezaji watatu, Bain, KKR na Vornado, wakainunua kwa kama dola bilioni 6.6. Sehemu kubwa ya hela hiyo ilikuwa ya kukopa, na deni hawakulibeba wao, wakaibebesha kampuni yenyewe! Yaani umenunuliwa halafu bili ya kununuliwa kwako unalipa wewe. Kuanzia hapo kila mwaka inatoka kama dola milioni 400 kulipia riba tu, kabla hujapaka rangi duka hata moja wala hujatengeneza tovuti ya maana. Mshindani anamwaga pesa kwenye usafirishaji na wewe unamwaga pesa benki, mwisho wake unaujua.

Na kuna kitu watu hawakizungumzii kwenye ile habari. Septemba 2017 tetesi za kufilisika zilipovuja, wasambazaji wengi wakagoma kupeleka midoli bila kulipwa taslimu kwanza. Hapo ni kabla ya msimu wa Krismasi, wakati ambao duka la midoli linatakiwa lijaze mzigo. Kampuni ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya ufilisi (yaani mahakama inawazuia wanaoidai kwa muda huku yenyewe ikijipanga) haraka kuliko ilivyopanga. Kwa hiyo utabiri wenyewe uliharakisha kifo, ukisema fulani anakufa na wanaomkopesha wakakuamini, anakufa kweli.

Kigezo changu basi: nani anaidai, kiasi gani, na faida inatosha kulipa riba mara ngapi. Jina sihangaiki nalo.

fundi_picha

Nakubaliana na Daftari kwa upande mmoja ila deni siyo kila kitu. Kuna kampuni zinakufa kwa sababu kitu chenyewe kimepitwa na wakati, hapo hata usipodaiwa senti unaondoka.

Mfano wa Kodak, wale wa filamu za picha, kila mtu anausimulia ila wengi wanausimulia vibaya. Wanasema Kodak walipuuza kamera za dijitali. Siyo kweli bhana. Mhandisi wao Steve Sasson ndiye aliyetengeneza kamera ya dijitali ya kwanza mwaka 1975, ndani ya Kodak hapohapo. Na hawakulala moja kwa moja, mwaka 2005 Kodak ndo walikuwa wanaongoza kwa kuuza kamera za dijitali Marekani. Wakaongoza! Shida ilikuwa hesabu. Kwenye filamu mteja ananunua mkanda, anapiga, anapeleka kusafisha, anarudi kununua mwingine, faida nono kila mzunguko. Kwenye dijitali unamuuzia kamera mara moja na faida yenyewe kiduchu, baada ya hapo hakuhitaji tena mpaka iharibike. Halafu simu zikaja zikameza hata hizo kamera ndogo. Januari 2012 wakaomba kinga ya ufilisi.

Sasa mlinganishe na Fujifilm, biashara ileile, adui yuleyule, muda uleule. Wao wakakaa chini wakajiuliza sisi tunajua nini hasa ukiondoa picha? Wakajikuta wanajua kemia. Filamu ya picha imejaa jelatini, ambayo inatokana na kolajeni, na walikuwa wamebobea kuzuia rangi isichujuke kwa hewa na mwanga. Mwaka 2007 wakatoa vipodozi vya ngozi vinaitwa Astalift. Utando wa plastiki waliokuwa wanaupakia kemikali za filamu wakauboresha ukawa unatumika kwenye skrini bapa za televisheni na kompyuta, na skrini hizo zikawa zinauzwa kama njugu. Wakaingia na kwenye dawa na vifaa vya hospitali.

Kinachouma ni kwamba Kodak nao walikuwa na kampuni ya kemikali na ya dawa, wakaachana nazo zote mwaka 1994 ili waelekeze nguvu kwenye picha. Wakati ule ilionekana akili kweli kweli, na wachambuzi huwa wanapenda sana neno "kuelekeza nguvu". Kwa hiyo anayeniambia angejua mwaka 1994 kwamba Fuji atapona na Kodak ataanguka, namuomba aniambie na namba za bahati nasibu.

Zuhura_K

Jamani kabla hamjaendelea, mnaposema "kufa" mnamaanisha nini? Maana naona mnachanganya vitu vitatu, kampuni, bidhaa na jina.

Jina ni gumu sana kufa. Thomas Cook huyohuyo wa mleta mada, kampuni ilianguka Septemba 2019, Novemba mwaka huohuo Wachina wa Fosun wakalinunua jina kwa pauni milioni 11, mwaka uliofuata likarudi mtandaoni linauza safari kama hakijatokea kitu. Polaroid imefilisika 2001, ikafilisika tena 2008, na leo ukitaka kamera yenye hilo jina na karatasi zake unapata, kwa sababu kuna watu walikiokoa kiwanda cha mwisho cha filamu kule Uholanzi wakakomaa nacho. Toys R Us yenyewe mliyoizika hapo juu iko ndani ya maduka ya Macy's tangu 2022.

Na kinyume chake kipo. Nokia kampuni haijafa hata kidogo, inauza mitambo ya mitandao ya simu duniani kote. Waliuza biashara ya simu za mkononi kwa Microsoft, dili likafungwa Aprili 2014, baadaye jina likakodishwa kwa kampuni nyingine, HMD, wakatoa simu mpya. BlackBerry nao wapo, wanauza programu, ila zile simu zao za zamani huduma zilizimwa tarehe 4 Januari 2022.

Kwa hiyo ukiniuliza jina gani litapotea kabisa ndani ya miaka kumi nakujibu karibu hakuna, kwa sababu jina lililojulikana halina gharama ya kulihifadhi na siku zote yupo wa kulinunua kwa bei ya kutupa alibandike kwenye mzigo wake. Swali la maana ni nani atakuwa analimiliki na atakuwa anabandika kwenye nini.

mzee_wa_kudoda

Mimi kila simu niliyowahi kuipenda kampuni yake imeacha kutengeneza simu. Nikianza kusifia kitu humu uzeni hisa zenu mapema, nawapenda.

Mchungulia_Soko

Hahaha mzee tutakuweka kwenye bodi ya wachambuzi.

Dada Zuhura umenifungua macho hapo. Ila bado sijaridhika na hili la ubora. Hivi inawezekana kweli kampuni ikafa KWA SABABU bidhaa yake ni nzuri?

Daftari_Jekundu

Inawezekana mkuu, na huo ugonjwa unaua kimyakimya.

Tupperware. Earl Tupper alianza kuuza vile vyombo vya plastiki vya kuhifadhia chakula mwaka 1946, mfuniko unabana haswa, na vingi vya miaka ya nyuma sana mpaka leo vinatumika. Sasa jiulize, mtu mwenye chombo kisichoharibika anarudi kununua lini? Walikuwa wanaishi kwa ile staili ya kina mama kukutana nyumbani kwa mmoja wao, wanaonyeshwa vyombo, wanaagiza. Watu walipohamia kununua madukani na mtandaoni wao wakachelewa mno, mpaka 2022 ndo wanaanza kujipanga kwenye maduka ya Target. Septemba 2024 wakaomba kinga ya ufilisi, na deni lilikuwa zaidi ya dola milioni 800.

Instant Pot ndo kabisa, ile sufuria ya presha ya umeme. Ilitoka 2010, ikawa gumzo, kila anayeipata anaisifia. Juni 2023 kampuni mama ikawa mahakamani kuomba kinga ya ufilisi. Sufuria haikuwa na kasoro, tatizo aliyeihitaji alishainunua na inapika vizuri tu, hana sababu ya kununua ya pili. Ongeza riba zilizopanda na deni walilobebeshwa (mnaona deni linavyorudi rudi, siyo kwamba nalazimisha).

Kwa hiyo usiulize tu bidhaa ni nzuri au mbaya, uliza mteja aliyeridhika atarudi kutoa hela tena baada ya muda gani. Wiki? Mwaka? Asiporudi, kampuni inatakiwa ibaki ndogo, isijifanye itakua milele.

fundi_picha

Hapo umeniachia mlango kaka. Tofali la Lego, lile la plastiki la kuchezea watoto, haliharibiki, la miaka ya sitini linashikana na la leo. Kwa kigezo chako ilitakiwa ife.

Daftari_Jekundu

Na ilikaribia kufa! 2003 na 2004 walikuwa hoi, hasara juu ya hasara, kwa sababu walikuwa wanakimbizana na kila kitu, nguo, michezo ya kompyuta, bustani za burudani, na aina za vipande zikaongezeka mpaka wenyewe hawajui kipi kinaleta faida. Akaingia Jørgen Vig Knudstorp 2004, kijana wa miaka 35, akapunguza aina za vipande karibu nusu, 2005 wakauza bustani za Legoland, wakarudi kwenye tofali. Wanachofanya wajanja wale hawauzi tofali, wanauza seti, hadithi mpya kila msimu, na watu wazima nao wamo siku hizi. Ila pia ni kampuni ya familia, hapakuwa na wenye hisa sokoni wa kupiga kelele kila robo mwaka wala mnunuzi wa kuibebesha deni. Ingekuwa mikononi mwa wale waliochukua Toys R Us sijui kama tungekuwa tunaizungumzia hivi.

Mchungulia_Soko

Sawa, sasa acheni historia maana kutabiri yaliyopita hata mimi naweza. Tajeni majina, nani anabaki nani anakwenda.

Zuhura_K

Nintendo anabaki, wale wa michezo ya video. Wamekuwepo tangu 1889, walianza na karata, na ukitaka kujua wanavyodumu angalia walivyoanguka siyo walivyoshinda. Mashine yao ya michezo, Wii, iliuza zaidi ya milioni 100, Wii U iliyofuata ikaishia kama milioni 13 na nusu, ikabuma kweli, wachambuzi wakawaambia acheni kutengeneza mashine tengenezeni michezo ya simu. Wao walikuwa na akiba ya kutosha na hawadaiwi, wakanyamaza, Machi 2017 wakatoa Switch, imeuza zaidi ya milioni 140. Kampuni yenye akiba inaruhusiwa kukosea, yenye deni hairuhusiwi.

Wa kwenda namtaja GoPro, wale wa kamera ndogo za kurekodi video ukiwa kwenye michezo na safari, namaanisha kama kampuni inayojitegemea, jina litanunuliwa na mtu. Kifaa kimoja, mshindani ni simu iliyo mfukoni mwa kila mtu, na mteja akishakuwa nayo haoni haraka ya kubadilisha. Hisa iliingia sokoni 2014 kwa dola 24, miezi michache baadaye ikapita 80, na 2025 imeshawahi kushuka chini ya dola moja. Hayo ni maoni yangu, mwenye hisa zake asinitukane.

mzee_wa_kudoda

Mimi ninayo GoPro na naipenda sana.

Zuhura_K

Basi imeisha hiyo 😂

fundi_picha

Dada nakuunga mkono kwa yote mawili ila sema na lini. Nini ni rahisi, lini ndo kazi. Kamera ya Sasson 1975, Kodak kuanguka 2012, hapo ni miaka 37. Aliyesema "filamu inakufa" mwaka 1980 alikuwa sahihi na angefilisika kwanza yeye.

Daftari_Jekundu

Lini haipatikani kwenye bidhaa, ipo kwenye tarehe za mikopo. Fungua ripoti ya mwaka, pita zile kurasa za mwanzo zenye picha za wafanyakazi wanatabasamu, nenda kwenye maelezo ya madeni, utakuta jedwali la mkopo upi unaiva, yaani unatakiwa ulipwe, mwaka gani. Kampuni mbovu isiyo na mkopo wa kuiva karibuni inaweza kujikokota miaka mingi tu, ila yenye mkopo mkubwa unaoiva mwakani huku mauzo yanashuka, itabidi ibembeleze wanaoidai.

Ukitaka kwa hesabu kuna kanuni ya profesa Edward Altman ya mwaka 1968, anachukua vipimo vitano vya fedha za kampuni anapata alama moja, chini ya kama 1.8 uko pabaya, juu ya karibu 3 uko salama, katikati hapo hajui na yeye. Na kuna ile sentensi ya kuitafuta, pale inapoandikwa kwamba kuna shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake. Tupperware waliitoa Aprili 2023, mwaka mmoja na nusu kabla ya kwenda mahakamani, na katikati hapo watu mtandaoni wakaipandisha hisa yake kwa mbwembwe kama vile hawajaisoma. Onyo lilikuwa hadharani muda wote huo.

GoPro sijaifungulia vitabu bado, nikipata nafasi nitakuja na jedwali lao hapa tuone mzee amewaua au bado.