Naomba ushauri: kusahihisha cheti cha kuachishwa jeshi Marekani

Wakuu, sheria iliyowazuia wapenzi wa jinsia moja kutumikia kwa uwazi katika jeshi la Marekani ilikoma Septemba 20, 2011, lakini vyeti vingi vya DD-214 vya waliofukuzwa havikujirekebisha vyenyewe. Vipo vinavyotaja ushoga kama sababu, na mwajiri akikiomba cheti anaisoma siri ya mtu. Hili linaniuma sana.

Fomu DD-293, ya kuomba uachishaji upitiwe upya, ni kwa ambaye hajapitisha miaka 15 tangu aachishwe. Ikipita, anatumia DD-149, ya kuomba bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi irekebishe kosa. Hiyo ina ukomo wa miaka 3 tangu kosa ligundulike, ingawa bodi inaweza kuusamehe kwa ajili ya haki. Mwongozo wa Wizara ya Ulinzi wa 2011 unataka sababu ibadilishwe, hadhi iwe ya heshima na msimbo wa kurudi jeshini uwe RE-1 (anaruhusiwa kujiunga tena), mradi faili halina makosa mengine yanayoongeza uzito.

Hapo ndipo pagumu. Kwa aliyeachishwa 1998, faili likionyesha pia utoro wa siku chache, bodi huuhesabu? Na je, aagize kwanza faili lote kwa fomu SF-180, au DD-214 pekee inatosha kuambatanishwa?